Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Kuirudisha Chipmunk Angani kutoka Mombasa

Swali: Salaam aleikum. Mimi na shemeji yangu tuna karakana ya magari Changamwe. Tumepata ndege ya zamani ya mafunzo ya jeshi, de Havilland Chipmunk, iliyofunguliwa mabawa na kulazwa boharini Kilifi miaka mingi, si mbali na maji. Muuzaji anasema injini haijakwama, ukiizungusha kwa mkono inazunguka, kwa hivyo ni kuwasha, kupaka rangi na kuruka. Sisi ni mafundi, injini hazitutishi. Tuanzie wapi, kipi tunaweza kukifanya wenyewe, na tutaifikishaje Mombasa bila kuiharibu?

Jibu: Wa aleikum salaam. Kabla ya yote, mwambieni muuzaji aache kuizungusha.

Injini ya Chipmunk ni Gipsy Major, silinda nne kwa mstari, nguvu farasi 145, ujazo wa lita 6.1. Lakini imefungwa juu chini: kranki iko juu, silinda zinaning'inia kwa chini. Ikikaa, oili hupenya kwenye ringi za pistoni na kutuama kwenye vichwa vya silinda. Oili haibanwi kama hewa. Mtu akiisukuma propela kwa nguvu na silinda imejaa, konrodi hupinda, na konrodi iliyopinda kidogo haitoi dalili yoyote siku hiyo. Itavunjika baadaye, hewani. Upande wa pili, kama silinda zimekauka na kushika kutu, kila mzunguko ni ringi inayokwaruza kutu ukutani. Injini "inayozunguka" baada ya miaka boharini haithibitishi lolote ila kwamba kuna mtu amekuwa akiichezea.

Halafu injini yenyewe si ya kuanza nayo. Najua ndiyo inayowavuta, maana ndiyo mnayoijua. Ila injini hung'olewa, hufumuliwa, na ikibidi hununuliwa nyingine. Kinachoamua kama hii ni ndege au ni vyuma chakavu ni boriti kuu za mabawa na viungo vyake, na hizo zimefunikwa. Bawa la Chipmunk lina boriti kuu moja. Mbele ya boriti pamefunikwa bati la alumini linalobeba msokoto. Nyuma yake ni mbavu nyembamba zilizovishwa kitambaa. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na habari za ndege, lakini hapa msemo unakaa neno kwa neno.

Habari njema ni kwamba hii si ndege yatima. Ilibuniwa na tawi la de Havilland la Kanada, ikaruka mara ya kwanza tarehe 22 Mei 1946, na Jeshi la Anga la Uingereza liliitumia kufundishia marubani tangu 1950 hadi 1996. Jeshi la anga la Kenya nalo lilipoanzishwa mwaka 1964 lilianza na Chipmunk. Zilitengenezwa zaidi ya elfu moja, na nyingi bado zinaruka. Muhimu zaidi kwenu, kuna kampuni yenye dhamana ya usanifu wake mpaka leo, de Havilland Support, iliyoko Duxford, Uingereza. Wana vitabu vya matengenezo, orodha za vipuri na taarifa za kiufundi zilizotolewa kila kasoro mpya ilipogunduliwa. Waandikieni kabla hamjatoa hata shilingi.

Karatasi kabla ya spana

Nendeni Kilifi na tochi, kioo kidogo cha mpini, daftari na simu ya kupigia picha. Tafuteni bamba la utambulisho kwenye kiwiliwili. Zile zilizotengenezwa Uingereza zina namba inayoanza na C1, na namba ya kijeshi ya herufi mbili na tarakimu tatu, kwa mfano ya kundi la WB, WK au WP. Kisha tafuteni namba za kila bawa. Jeshini mabawa yalihamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine, kwa hiyo bawa la kushoto laweza kuwa na umri tofauti kabisa na la kulia, na yote mawili tofauti na kiwiliwili.

Nasisitiza hili kwa sababu uchovu wa metali huhesabiwa. Bawa likibeba ndege, upande wa chini wa boriti huvutwa. Likivutwa na kuachiwa mara maelfu, hasa kwenye mizunguko ya sarakasi ambayo wanafunzi wa jeshi walifundishwa kila siku, ufa mdogo huanza kwenye tundu la bolti. Ndiyo maana mabawa, na ile pau ya chini inayoyaunganisha katikati ya kiwiliwili, yana maisha yaliyowekewa kikomo. Hesabu yake haihusu saa za kuruka peke yake, bali saa hizo zikizidishwa kulingana na aina ya kazi ndege iliyofanya. Bila kumbukumbu hizo hakuna mhandisi atakayetia sahihi, na hakuna kipimo cha karakana kitakachowaambia metali imechoka kiasi gani. Kipimo kitaonyesha ufa uliokwisha kutokea. Umri uliobaki hakiuoni.

Kwa hiyo daftari la ndege, la injini na kumbukumbu za mabawa zikikosekana, bei ya haki ni ya vipuri, hata kama inang'aa.

Pia zungumzeni mapema na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Waulizeni ndege kama hii, iliyokuwa ya jeshi, itasajiliwa na kupewa kibali cha kuruka kwa masharti gani. Mtafuteni mhandisi wa ndege mwenye leseni yao, na mkubaliane naye kabla kazi haijaanza kwamba atapita kukagua hatua kwa hatua. Mikono yenu inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi, lakini chini ya jicho lake. Mkishafunga bawa na kulivisha kitambaa kabla hajaona ndani, mtalivua tena, na atakuwa na haki.

Kufungua, na kutu ya pwani

Kiteni kambi mahali pakavu penye sakafu ya saruji na mlango unaofungika. Kontena la chuma lisiwe ghala lenu: mchana linapata joto, usiku linapoa na kutoka jasho kwa ndani, na jasho hilo la hapa kwetu lina chumvi.

Kabla ya kukata kitambaa, kipigeni picha kila mahali: mishono, umbali wa fundo na fundo, mashimo ya kutolea maji, viraka. Kikateni kwa uangalifu mkihifadhi vipande vikubwa. Ndivyo vitakavyowaelekeza wakati wa kushona upya. Kisha mabawa yaoshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mengi, bila mashine ya shinikizo, yakaushwe siku mbili tatu.

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Alumini haigeuki nyekundu kama chuma. Inatoa unga mweupe au wa kijivu, na rangi juu yake hufura kama malengelenge. Kuna madoa ya juujuu, haya yanasafishika. Kuna vishimo vidogo kama vya sindano. Hivi huwa virefu kuliko vinavyoonekana. Halafu kuna ile ya kutisha, ambapo metali huachana tabaka kwa tabaka, ukingo wake ukionekana kama chapati ya kusukuma iliyofunguka. Ukiiona kwenye boriti, usichukue msasa. Piga picha, pima, mpelekee mhandisi. Kwa kawaida kipande hicho hubadilishwa.

Zitazameni hasa sehemu ambapo chuma kinagusa alumini, yaani mabolti ya bawa, bawaba za vibawa vya kugeuzia, vishikio vya miguu. Metali mbili tofauti zikiwa na maji ya chumvi katikati ni betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Mafundi wa jahazi wanalijua hili tangu zamani kwa misumari. Tazameni pia chini ya kila kitu kinachofyonza maji: sponji chini ya tangi la mafuta, mikanda ya ngozi, zulia, godoro la kiti. Na pale chini ya kiwiliwili karibu na mkia, mahali maji yote ya mvua huishia, wekeni tochi na kioo mtazame kwa utulivu. Viota vya panya vikutwe popote viondolewe siku hiyohiyo, maana mkojo wa panya huila alumini vibaya sana.

Kusafisha kuna mwiko mmoja ambao mafundi wa magari huuvunja kila siku: brashi ya waya na pamba ya chuma. Vyote huacha chembe za chuma ndani ya alumini, na kila chembe huwa chanzo cha kutu mpya. Tumieni pedi ya nailoni na msasa wa oksidi ya alumini. Wala msipige mchanga sehemu inayosubiri kukaguliwa nyufa, kwa sababu mchanga huifunika midomo ya ufa. Baada ya kuondoa kutu, pimeni unene uliobaki kwa mikromita na kuuandika. Kiasi kinachoruhusiwa kupungua kiko kwenye kitabu cha matengenezo ya muundo, si kwenye jicho la fundi.

Kwa nyufa za juu mnaweza kutumia dawa ya rangi inayopenya. Vueni rangi kabisa, safisheni kwa kiyeyusho, pakeni ile dawa nyekundu na kuiacha kati ya dakika 10 na 30 kama kopo linavyoelekeza. Kisha ifuteni kwa kitambaa kilicholoweshwa kiyeyusho. Msinyunyizie kiyeyusho moja kwa moja, maana kitaiosha dawa mpaka ndani ya ufa. Nyunyizeni unga mweupe, subirini dakika 10. Mstari mwekundu ukijichora, huo ni ufa. Lakini matundu ya mabolti ya boriti yanahitaji kipimo cha mkondo wa umeme, na vyuma kama fremu ya injini na viungo vya bawa vinahitaji kipimo cha sumaku. Hivyo vinafanywa na watu wenye vyeti, kwa kawaida Nairobi.

Metali iliyosafishwa isilale uchi. Katika hewa ya Mombasa, usiku mmoja unatosha kuianzishia safari mpya. Siku ileile pakeni dawa ya kubadilisha uso wa alumini, isuuzeni, na ikikauka ifuate praima ya epoksi. Praima nzuri kuliko zote kwa kazi hii ina kromati, na kromati husababisha saratani: barakoa ya kichujio, si kile kitambaa cha mdomoni, glovu, na watoto wasiwepo.

Ribiti, bolti na nyuzi zinazodanganya

Kubandua bati na kupiga ribiti mtajifunza. Kwa ribiti ya milimita 3.2, mkia unaojitokeza kabla ya kupigwa uwe mara moja na nusu ya kipenyo, yaani kama milimita 4.8. Ukishapigwa, kichwa kipya kiwe na upana huohuo wa 4.8 na kimo cha 1.6. Tundu lisiwe karibu na ukingo wa bati chini ya vipenyo viwili. Fanyeni mazoezi kwenye mabati ya kutupa mpaka ribiti 50 mfululizo zitoke sawa, ndipo mguse ndege.

Aina ya ribiti ndiyo inayoponza watu. Kwa mfumo wa Uingereza, ile ya L86 ina rangi ya zambarau na hupigwa kama ilivyo. Ile ya L37 ni ngumu zaidi: lazima ipashwe moto wa kiwango maalumu, izimwe majini, kisha ipigwe ndani ya saa mbili kabla haijakakamaa tena. Mkiipiga bila hivyo hupasuka kichwani, wakati mwingine wiki moja baadaye. Haifai kuweka laini mahali pa ngumu kwa sababu tu ndiyo mliyo nayo.

Na nyuzi za bolti. Nyinyi mmezoea milimita. Gipsy Major ni injini ya Kiingereza cha zamani, imejaa nyuzi za BSF na BA, na spana zake ni za vipimo hivyo. Bolti ya robo inchi ya BSF ina nyuzi 26 kwa inchi. Ya Kimarekani ya UNF ina 28. Kwa macho ni pacha. Nati ya moja huingia kwenye nyingine mizunguko miwili mitatu vizuri tu, halafu inakaza, fundi anafikiri ni kutu, anaongeza nguvu, na nyuzi zimekwisha. Nunueni geji ya nyuzi na kila bolti ithibitishwe na namba yake kwenye kitabu cha vipuri. Bolti ya duka la hadwea haina kazi kwenye ndege, hata kwenye kiti. Wala msipeleke mabolti magumu kwa wapakaji zinki wa mtaani: asidi ile huingiza haidrojeni kwenye chuma, na bolti isipookwa saa nyingi kwenye joto la karibu nyuzi 190 mara baada ya kupakwa, huvunjika yenyewe ikiwa imekazwa.

Waya za usukani zivutwe kwenye kitambaa cha pamba kwa urefu wote, ndege ikiwa imezimwa na usukani ukisogezwa polepole. Uzi mmoja uliokatika utanasa kitambaa. Zikunjeni kidogo pale zinapopita kwenye puli mtazame ndani, kwa sababu kutu ya katikati haionekani kwa nje. Kwa waya zilizolala Kilifi mimi nisingepoteza muda wa kukagua. Ningebadilisha zote, pamoja na mipira yote ya mafuta, oili na breki. Mpira una tarehe yake, na tarehe ikipita hauna mjadala. Kwa breki, someni kibandiko kwenye chombo cha mafuta yake: sili za mpira wa asili na zile za mpira wa kutengenezwa hazinywi mafuta aina moja, na mkikosea zitafura na kushika.

Kitambaa

Hapa Mombasa ina neema na mtihani wake. Neema ni kwamba mji huu haujawahi kukosa watu wa kushona matanga na maturubai, na mshono wa mbavu za bawa si mgeni kwao, wakielekezwa fundo sahihi. Mtihani ni unyevu.

Tumieni kitambaa cha poliesta cha ndege chenye cheti, pamoja na gundi na rangi za mfumo huohuo mmoja. Msichanganye kopo la kampuni hii na la ile. Kitambaa hubandikwa kikiwa kimelegea kidogo, kisha hukazwa kwa pasi: mara ya kwanza nyuzi joto 120, ya mwisho 177, basi. Pasi ya nyumbani inadanganya, kwa hiyo mpime uso wake kwa kipimajoto cha kugusa na kuweka alama ya kalamu kwenye kitasa. Ukifika karibu na 200 kitambaa hulegea na hakirudi tena. Kaza pande zote mbili kwa zamu, la sivyo ukingo wa nyuma wa bawa utapinda.

Dawa ya kukandia kitambaa ikipakwa kwenye hewa yenye unyevu mwingi hugeuka nyeupe kama maziwa. Kiyeyusho kikiruka hupoza uso, maji ya hewani yanatua hapo, na ule weupe ni dawa isiyo na nguvu. Wekeni kipimo cha unyevu ukutani; kikipita asilimia 70 fungeni kopo. Mkipanga kazi hii Januari na Februari, kaskazi ikivuma, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, mtaimaliza kwa raha. Mkiipanga Mei, mtapigana na mvua.

Msisahau mashimo ya kutolea maji, yenye vipete vyake, sehemu ya chini kabisa ya kila chumba cha bawa na mkia. Wapo wanaoyaacha ili rangi ipendeze, na hao ndio hurudi baada ya misimu miwili ya mvua na mbavu zilizoliwa na kutu.

Injini, sasa

Ikiwa bado iko kwenye fremu, toeni plagi zote nane, mbili kwa kila silinda, muache oili ishuke. Nyunyizeni oili ya kuhifadhi ndani, pitisheni kamera ndogo mtazame kuta. Kisha ing'oeni. Kwa injini iliyokaa kiasi hicho sioni njia ya mkato. Ifumuliwe yote, kranki ipimwe nyufa kwa sumaku, silinda na pistoni zipimwe, beringi na sili zibadilishwe, na yote haya kwenye karakana iliyoidhinishwa au chini ya mhandisi mwenye leseni ya injini. Mnaweza kufungua, kusafisha na kupanga vipande kwa lebo. Kuunganisha kuwe na sahihi yake.

Magneto mbili zipelekwe kwa mtaalamu. Magneto ya zamani ina tabia ya kuwaka vizuri ikiwa baridi na kufa ikipata joto, kwa sababu ya kondensa na koili zilizozeeka. Mtaijaribu karakanani asubuhi, itawapa cheche safi, na itawaachia njiani dakika ya 20. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2.

Nyingi za jeshi ziliwashwa kwa risasi ya baruti inayosukuma staata. Kuingiza na kuhifadhi baruti ni kesi nyingine nzito. Ulizeni habari za staata ya umeme iliyoidhinishwa. Na saa za dashibodi zenye namba zilizong'aa gizani msizifungue wala kukwangua, aghalabu rangi ile ina radiamu.

Siku ya kwanza ya kuwasha, mkia ufungwe kwenye kitu kizito, magurudumu yawekwe vizuizi, kizimamoto kiwe mkononi mwa mtu asiye na kazi nyingine. Swichi zikiwa zimezimwa, propela izungushwe polepole kwa mkono, mabapa manne, yaani mizunguko miwili kamili. Ikikataa popote, simama, toa plagi, oili itoke. Hii itakuwa desturi yenu kila asubuhi maisha yote ya ndege hii. Oili ianze kwa kusukumwa kwenye mfumo kabla ya cheche, na ikiwaka, presha ionekane ndani ya sekunde 30. Isipoonekana, zima. Mafuta yawe ya ndege, 100LL. Petroli ya sheli kwenye joto letu hugeuka mvuke ndani ya mabomba, na hamna idhini nayo. Ila 100LL ina risasi (ile metali ya ledi) nyingi kuliko injini hii ilivyozoea, kwa hiyo msiiache ikinguruma chinichini muda mrefu, plagi zitajaa risasi.

Jambo moja wageni hawaliamini: kabureta huganda barafu hapa hapa Mombasa. Mafuta yakigeuka mvuke hupoza hewa kwa zaidi ya nyuzi 20, na hewa yetu imejaa maji. Kifaa cha kupasha joto hewa ya kabureta kihakikishwe kinafunga na kufungua kikamilifu.

Mizani na safari ya kwanza

Baada ya rangi, sio kabla, ndege ipimwe kwa mizani tatu, ikiwa imesawazishwa kama kitabu kinavyosema. Tupu huwa karibu kilo 650. Hesabu ni nyepesi. Tuseme, kwa mfano tu, magurudumu ya mbele yanasoma 303 na 301, la mkia 46, jumla 650, na kutoka ekseli ya mbele hadi gurudumu la mkia ni mita 5. Zidisha 46 kwa 5, gawa kwa 650, unapata mita 0.35 nyuma ya ekseli. Hapo ndipo kitovu cha uzito. Kisipoangukia ndani ya mipaka ya kitabu, hakuna kuruka. Vibawa na usukani wa mkia navyo vipimwe mizani yake upya. Koti moja zaidi la rangi nyuma ya bawaba linaweza kuvifanya vitetemeke kwa kasi hadi kung'oka.

Majaribio ya kwanza ningeyafanya huku pwani kuliko uwanja wa Wilson, Nairobi. Uwanja wa Moi uko kama mita 60 tu juu ya bahari, ndipo palipokuwa Port Reitz ya zamani, na njia yake ya kurukia ni ndefu kupita mahitaji yenu. Wilson iko zaidi ya futi 5,500. Kwa kimo hicho farasi wenu 145 wanabaki kama 120, kabla hata jua halijapanda. Rubani awe mzoefu wa ndege za gurudumu la mkia, na kama amezoea Cessna aambiwe mara tatu: propela ya Gipsy huzunguka kinyume, kwa hiyo wakati wa kuruka pua hukimbilia kulia badala ya kushoto. Mguu uliozoea utakosea.

Baada ya saa chache za kwanza, nati za vichwa vya silinda zikaguliwe injini ikiwa baridi. Kila mkiruka karibu na bahari, ndege ioshwe kwa maji ya kawaida jioni hiyohiyo, na kila mwaka ndani ya mabawa na kiwiliwili inyunyiziwe mafuta ya kuzuia kutu, isipokuwa penye kitambaa.

Kuitoa Kilifi

Lori la wazi la futi 40 linatosha, la futi 20 halitoshi: ndege kutoka pua hadi mkia ni mita 7.75. Muuzaji akipendekeza kukata chochote ili iingie, ondokeni. Propela itolewe. Mabawa yasilazwe wala kupangwa moja juu ya jingine. Yasimamishwe ukingo wa mbele ukiwa chini, juu ya magodoro mazito, ndani ya vishikilio vya mbao vyenye zulia, na yafungwe kwa mikanda mipana pale penye mbavu imara. Kamba nyembamba itakata bati. Vibawa vyote vifungwe visicheze, kiwiliwili kikae kwenye magurudumu yake na kishikwe pia kwenye fremu ya injini. Msikifunge chochote kwa plastiki, kitatoka jasho. Turubai la pamba latosha. Bolti zote za bawa ziingie kwenye mifuko yenye lebo, kushoto na kulia mbali mbali, na mifuko hiyo isafiri kwenye kabini pamoja nanyi.